Maziwa Kwenye Kibuyu

Nesi Getruda alimtazama mtoto aliyening'inia kwenye mizani, akaigonga mizani kwa kidole, akamtazama tena. Kisha akachukua kadi ya kliniki na kuweka nukta. Hata mimi niliyeishia darasa la nne niliona kwamba nukta ile ilikuwa imeanguka chini kabisa ya mstari.

"Mwezi jana alikuwa kilo sita na robo. Leo tano na nusu. Anaharisha?"

"Kidogo."

"Ananyonya?"

"Ananyonya," nikajibu mimi, kabla wifi yangu Gati hajafungua mdomo.

Ulikuwa uongo, na tuliupanga njiani tukitoka kwetu Makoko. Renatus, mtoto wa miezi mitano wa kaka yangu Thadeo, alikuwa hajanyonya kwa siku tisa. Lakini kwenye benchi nyuma yetu alikaa Jeska, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, kajitandaza na masikio yake. Ukweli wetu haukuwa wa kusemwa mbele ya masikio yale.

Mambo yalianza na mimba. Gati alitapika asubuhi mbili mfululizo, na mama yangu, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akaniita jikoni.

"Ursula, huyu ana mimba. Maziwa yake imeshaharibika. Akimnyonyesha tena mtanibemendea mjukuu."

Kwetu kubemenda mtoto si jambo la mzaha. Husemwa kwamba anayenyonya ziwa la mwenye mimba hukonda na kulegea miguu, na kila anayemwona hujua kwamba baba na mama yake walishindwa kuvumilia. Gati alilia, akaapa kwamba maziwa yake ni mazuri. Mimi ulimi wangu unajulikana mpaka Mwisenge, sijawahi kushindwa na muuza samaki yeyote, lakini mbele ya Mama huwa naufyata. Nikaenda nikakata shubiri, nikaikamua kwenye kibakuli, nikampaka wifi yangu matiti yote mawili kwa mkono wangu. Renatus alipoonja alikunja uso, akapiga kelele, akanitazama mimi. Nilimpaka kila asubuhi.

Badala ya ziwa, Thadeo alitafuta maziwa ya kopo. Madukani hayakuwepo. Mwaka ule wa themanini na tatu hata kiberiti ulikuwa unakipangia foleni. Akavua sato, akabadilishana majini na wavuvi wa upande wa Kenya, akarudi na kopo moja kubwa lenye picha ya mtoto mnene. Tulilipokea kwa vigelegele vya kimyakimya.

Siku ya tatu msako wa walanguzi ukafika Makoko. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba, balozi Stanislausi mbele. Watu walikimbia kutupa ziwani sabuni na mafuta ya kupikia, na jirani yetu mmoja alimwaga mpaka sukari aliyoinunua kihalali dukani kwa sababu tu alikuwa ameipoteza risiti. Nami nimeshika kopo lenye maandishi ya Kenya! Kwa kitu kama kile Thadeo angeondoka kwenye lori na tusingejua lini anarudi.

Macho yangu yakatua kwenye kibuyu cha Mama cha maziwa ya mgando. Nani atashangaa kukuta maziwa kwenye kibuyu? Nikamimina unga wote humo, nikafunga. Kopo nikaliponda kwa mchi na kulifukia nyuma ya choo, pamoja na maelezo yake na kile kijiko cha kupimia kilichokuwa ndani. Mgambo alikiinua kibuyu, akakitikisa, akakirudisha mahali pake. Jioni ile nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa Musoma.

Ujanja wenyewe ndio huu. Kijiko kimezikwa, nikapima kwa kijiko cha chai. Thadeo hathubutu tena kwenda kule majini, kwa hiyo kopo lingine halipo, kwa hiyo unga lazima ukae. Nikaweka vijiko vinne kwa chupa, kesho yake vitatu, kisha viwili. Kibuyu kilikuwa na unyevu wa miaka yake, unga ukashika madonge na kunukia moshi na uchachu. Renatus akaanza kuharisha. Baadaye akaanza kulala sana.

"Ameshiba," alisema Mama. "Mtoto akishiba analalaga hivyo."

Na mimi nikafurahi. Nilifurahi kwamba analala nikapata kufua. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi hiyo ya kliniki Gati alinijia amembeba. "Wifi, halii tena. Nimemfinya, halii." Ndipo tukakimbilia kliniki. Kwa Mama tulisema tunampeleka kupimwa tu, naye akakubali baada ya mimi kumpaka Gati shubiri kama kawaida.

Nesi Getruda aliweka kalamu chini. "Basi mnyonyeshe hapa nione."

Gati akanitazama. Akafungua gauni polepole, akampa mtoto ziwa. Renatus alipanua mdomo kwa hamu, akashika, kisha akageuza uso wote na kutoa kilio chembamba, hakina hata nguvu ya kuwa kilio. Nyuma yetu nilisikia Jeska akisogea.

Nesi aliinama. Akapitisha kidole kwenye ziwa la Gati, akakiweka ulimini. Akatema pembeni.

"Ninyi wote wa kwenye benchi, tokeni, subirini nje. Na wewe mama balozi." Mlango ulipofungwa alitugeukia. "Nani amepaka hii?"

Nilijua nikisema shubiri nitaulizwa kwa nini, na nikisema mimba nitaulizwa basi mtoto anakula nini, na hapo ndipo kaka yangu anapandishwa kwenye lori. Nikamtazama Renatus. Utosi wake ulikuwa umebonyea kama sahani.

"Ni mimi," nikasema. "Mama yake ana mimba. Tunamnyweshaga maziwa ya kopo. Ilitoka Kenya, nimeificha kwenye kibuyu. Ninapima kwa kijiko cha chai, viwili kwa chupa."

Niliyamwaga yote bila kuvuta pumzi. Nesi alifungua droo kwa ufunguo. Nilidhani anatoa karatasi ya kuandika majina yetu. Akatoa kipande cha sabuni, kidogo kama kidole gumba, pengine ndicho pekee kilichobaki kwenye kliniki nzima.

"Habari za kopo sijazisikia," alisema. "Nimesikia shubiri. Mwoshe. Umempaka wewe, umwoshe wewe."

Nikamwosha wifi yangu, mara tatu. Nesi akanionjesha kwanza mimi, mpaka niliposema uchungu umekwisha. Akachanganya pakiti ya chumvi ya dawa ya kuharisha na maji, tukamnywesha mtoto kwa kijiko. "Maziwa hayaharibiki kwa mimba," alimwambia Gati. "Yatapungua tu, kwa hiyo ule dagaa na uji. Kilichomkausha huyu ni maji yenu na kibuyu chenu."

Renatus alikataa ziwa. Akakataa tena. Hakutuamini, na alikuwa na haki. Mara ya nne akashika, akavuta kwa woga, akaacha, akavuta. Gati alifumba macho na machozi yakamwangukia mtoto usoni.

Tulirudi nyumbani jua likiwa kali. Mama alikuwa mlangoni, chupa tayari mkononi. Gati alipita, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akafungua gauni.

"Mnafanya nini? Mtamuua!" Mama aliingia ndani mbio, akatoka na kibakuli. "Ursula! Mpake!"

Miaka thelathini na nne nilikuwa nimeishi bila kumkatalia. Nilikipokea kibakuli. Nikachovya vidole viwili, nikajipaka ulimi wangu wote. Nilitaka kutapika, nikameza.

"Onja na wewe, Mama," nikamwambia. "Yeye ameonja siku tisa."

Mama hakuonja. Alisimama pale na chupa yake, mpaka sote watatu tukasikia Renatus anameza.