Kabla Sauti Haijashuka

Ti. Ti. Ti.

Kijana alikuwa amefumba macho kama alivyoamriwa, na mlio ule wa mashine ndio uliokuwa dunia yake yote. Ulikuwa mwembamba, wa juu, wenye raha zake, kama mtu anayepiga mluzi huku akifagia uwanja.

"Ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Tisini na nane."

"Endelea kusikiliza."

Kwa muda mrefu mlio haukubadilika. Kisha ukateleza, kidogo mno, kama mtu aliyekosa kidato kimoja cha ngazi.

"Tisini na sita," alisema. Ukateleza tena. "Tisini na nne. Tisini na..."

Akafumbua macho. Kitanda cha upasuaji kilikuwa kitupu. Kibanio cha kupimia oksijeni kilikuwa kidoleni mwa Mwalimu mwenyewe, aliyeketi kwenye kigoda chake, midomo ameifunga, macho yamemtoka, uso umemwiva. Mama mzima wa miaka sitini alikuwa amebana pumzi.

"Mwalimu, pumua! Jamani, vuta pumzi!"

Mwalimu akapumua kwa kishindo, akakohoa, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kumbe sauti unayo," alisema. "Nilidhani wiki iliyopita uliimeza."

Kila daktari aliyepitia idara ile kusomea ubingwa wa usingizi alimfahamu mama huyo, na nyuma yake walimwita Mama Kigoda. Mwanafunzi alipomlaza mgonjwa kwa dawa, Mwalimu hakusimama begani pake. Aliketi hatua tatu nyuma, akageukia ukuta. "Nikikutazama, utafanya kazi kwa ajili ya macho yangu," aliwaambia. "Masikio yananitosha. Ukinihitaji, sema 'njoo'. Neno moja tu."

Wenzake walilisema neno hilo kama wanaoomba chumvi mezani. Yeye, mwaka mmoja na nusu sasa, hakuwahi kulitamka hata mara moja. Alikuwa daktari wa kwanza katika ukoo wao, na mama yake alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba mwanawe hashindwi na kitu. Kila "njoo" aliiona kama inampunguza kimo.

Wiki iliyopita, dereva mmoja wa lori alikuwa amelala mbele yake, naye akaupitisha mrija wa kupumulia penye njia ya chakula badala ya njia ya hewa. Kosa hilo humpata hata bingwa. Ukiligundua, unautoa mrija, unampa mgonjwa hewa kwa barakoa, unaita mtu. Aligundua mara moja. Lakini aibu ilimfikia kabla ya hofu. Akautoa, akajaribu tena bila kusema neno, akakosea tena. Mwalimu alikuwa ameitwa chumba cha pili kwa dakika chache. Hakuna aliyemfuata huko. Ule mlio uliokuwa ukishuka ndio uliopenya ukutani ukamleta mbio, kiatu kimoja mguuni.

Dereva alipona. Kesho yake Mwalimu alimchukua kijana hadi kitandani kwa mgonjwa, naye kijana akaeleza yote kwa kinywa chake.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniegesha pabaya?" dereva aliuliza. Akamwacha ateseke kidogo, kisha akampa mkono. Mkono ule ulimuuma kuliko tusi. Siku hiyohiyo aliandika barua ya kuacha mafunzo, akaitia kwenye bahasha, na bahasha haikutoka tena mfukoni mwake. Pia akaanza kupunguza sauti ya mashine, siku baada ya siku, mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Chumba chako kimekuwa bubu siku hizi," Mwalimu alisema sasa, akijitoa kibanio kidoleni. Akairudisha sauti juu. "Na ujue, mlio huu ni mjumbe mzembe. Ukiusikia unashuka, jambo lenyewe limeshatokea zamani. Usiungoje ukupe ruhusa ya kuniita."

Jicho lake likatua kwenye ncha ya bahasha. Akakigeuza kigoda chake kuelekea ukutani.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa mshonaji nguo, mama mnene mwenye uvimbe wa shingo wa ukubwa wa limau. Alipopanda kitandani aliyachunguza mavazi ya kijana kwa jicho la kazi.

"Mwanangu, nani kakukatia hiyo nguo? Bega moja limekwenda sokoni, jingine limebaki nyumbani."

Muuguzi, kaka mpenda utani, aliangua kicheko. "Huyo ni Profesa, mama. Maprofesa hawajitazami kwenye kioo."

Kijana akatabasamu kwa shida, akamvalisha mama yule kibanio. Ti, ti, ti, mbio mbio. Moyo ulikuwa ukisema yale ambayo mdomo ulikuwa ukiyafunika kwa utani.

"Niulize kitu?" mama alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mimi usiku huamka mara tatu kuangalia kama mlango nimeufunga. Nikilala hapa, nani atabaki macho?"

Jibu lilikuwa jepesi, lakini kijana alimwachia mwingine. Alimtazama muuguzi.

"Sote tutabaki macho, mama," muuguzi alidakia. Mama akaitikia kwa kichwa, ila macho yake yalikuwa bado kwa kijana.

Kijana akampa oksijeni safi kwa barakoa, akamhesabia pumzi, akaisukuma dawa ya usingizi. Kope za mama zikashuka. Kijana akamfungua kinywa, akaingiza kifaa chenye taa cha kuonea njia ya hewa, akainama kutazama.

Hakuona kitu. Pale alipotarajia kuona nyuzi za sauti palikuwa na nyama laini tu, nyekundu, kama pazia lililoteremshwa. Akasogeza mkono. Nyama.

Mlio ulikuwa bado juu, tisini na tisa, wenye raha zake. Hakuna aliyejua. Muuguzi alikuwa akipanga sindano, daktari wa upasuaji alikuwa akinawa mikono. Kwa sauti ile ya juu angeweza kujinunulia dakika nzima ya kujaribu peke yake, na pengine angefaulu, na mtu asijue kabisa kwamba aliwahi kukwama. Akamtazama mama yule, uso umemlegea kama wa mtoto, mlango wake leo haukukaguliwa na mtu.

"Njoo," alisema.

Ilitoka kama kikohozi. Akarudia kwa nguvu, "Mwalimu, njoo."

Kigoda kikalia sakafuni. Mwalimu hakumpokonya kifaa. Alisimama kando yake, akauweka mkono wake juu ya shingo ya mgonjwa, akaisukuma taratibu nyuma na kuume, kama mtu anayesogeza pazia ili mwenzake achungulie.

"Tazama sasa."

Zilikuwa pale, nyeupe, mbili, wazi kama mlango wa nyumba ya mtu anayekungoja. Mrija ukapita. Kifua kikapanda, kikashuka. Ule mlio haukuwa umepungua hata chembe.

"Mbona mmemaliza mapema hivyo?" daktari wa upasuaji aliuliza akichungulia. "Hata sijamaliza kunawa."

"Ameamua kutonikimbiza leo," Mwalimu alisema. "Viatu vyangu vyote viwili ninavyo."

Saa mbili baadaye, mshonaji alizinduka. Akaipapasa bandeji.

"Nani kashona?"

"Daktari wa upasuaji, mama."

"Niletee kioo baadaye. Nitaikagua mishono yake," akanong'ona, akasinzia tena.

Mwalimu akaja kuketi kando ya kijana kwenye benchi lililo karibu na kitanda, akajinyoosha miguu.

"Hiyo bahasha ni yangu?"

Kijana akaigusa. Ilikuwa imelowa jasho na kulainika kama kitambaa. "Ilikuwa yako."

"Aa. Ilikuwa." Akamgeukia kijana. "Jumatatu wananitoa mawe ya nyongo. Nimeomba unilaze wewe."

"Mimi? Mwalimu, mabingwa wamejaa tele..."

"Bingwa atakuwepo, atakaa kwenye kigoda changu. Lakini mkono nimetaka wako." Kwa mara ya kwanza kijana aliona vidole vya Mwalimu vikichezacheza mapajani, kama vya mgonjwa yeyote. "Nami nina swali la huyu mshonaji. Hukumjibu. Nikilala, nani atabaki macho?"

Ti, ti, ti, kidole cha mshonaji kilikuwa kikisema, kwa raha zake. Kijana akavishika vile vidole.

"Mimi, Mwalimu. Nitabaki macho. Na nikikwama nitaita, nitaita bingwa, nitaita muuguzi, nitaita mpaka wapishi wa jikoni waje na miiko yao mkononi. Sitaingoja sauti ishuke."