Kipaza Sauti cha Enderle Chahukumiwa

Kila sikukuu ya vinyago hapa kwetu Swabia, Ujerumani, mahakama ya mzaha, iitwayo ya wapumbavu, humshtaki mtu. Mwaka huu hakimu nilikuwa mimi, na kofia yangu ya kengele. Mshtakiwa alikuwa sanamu ya majani makavu: marehemu Gotthilf Enderle, aliyebuni kipaza sauti cha uwanja wa mji wetu. Enzi za Hitler kilitubwatia amri kutwa.

"Babu alitengeneza chombo tu!" mjukuu wake, Walburga, akamtetea. "Maneno hayakuwa yake!"

"Na wateja wake, watu wa Hitler, hakuwajua?" akadakia Kuno, mwokaji mikate. "Au alidhani wanataka kukitumia kuwabembeleza watoto?"

Umati ukaangua kicheko. Mimi nilikereka, maana wote wawili walikuwa wakizozana kwa kipaza sauti kilekile cha Enderle.

"Kimya, wapumbavu!" nikafoka. "Enzi zake, aliyewatania wakubwa alifungwa. Kwa hiyo Enderle hana msamaha! Hukumu ni hii: kila mwaka chombo chake kitabeba utani wetu juu ya wakubwa, mpaka kife. Tuanze na meya!"

Walburga akakishika kipaza sauti, akamtania meya mpaka meya mwenyewe akatokwa machozi kwa kucheka. Kisha akaigeukia sanamu.

"Umesikia, babu?" akasema. "Sasa ndipo chombo chako kinapofanya kazi."