Mkono Mwepesi wa Santina

Tangu alipostaafu kazi ya kuchoma sindano katika zahanati ya kambi ya jeshi, Santina aliendesha saluni ndogo Makindye. Cheti alichokitundika juu ya kioo kiliruhusu nywele, kucha na kusafisha uso. Sindano hakikuzitaja. Lakini watu wa kambi hawakusoma vyeti. Walichojua ni kwamba mkono wa Santina ni mwepesi, hauumizi.

Babra, binti wa jirani yake wa zamani kambini, aliingia na kichupa cha dawa ya kujaza midomo alichonunua sokoni Nakivubo.

"Mama, nijazie midomo. Jumamosi wakwe wanakuja."

"Nenda kwa daktari wa ngozi."

"Daktari hanijui. Wewe ulichoma kikosi kizima."

"Nilichoma matako, mwanangu. Tako likivimba, askari analalia tumbo. Wewe utalalia nini?"

Babra alicheka, ila kichupa hakukirudisha mkobani. "Si ni sindano ile ile?"

Santina akavuta kiti, akaketi. Maneno haya alikwisha kuwaambia wengi, nayo yalimchosha kuliko kazi yenyewe.

"Sindano ni ile ile, mahali si pale pale. Nikiuziba mshipa sijui kuuzibua. Nisichoweza kukitengua sikifanyi."

"Basi yupo atakayefanya," Babra akasema, akatoka.

Kesho yake mchana alirudi amejiziba mdomo kwa mtandio, mama yake, Abalo, akimfuata nyuma. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na upande mmoja umepauka kama majivu.

"Mchome dawa ya kuyeyusha hicho alichojazwa," Abalo akasema. "Usimfukuze tena."

"Sikumfukuza, dada. Na dawa hiyo si yangu kuchoma." Akamwomba mteja mwenye povu kichwani ajisuuze mwenyewe, akaita gari, akawapeleka hospitali.

Daktari alimhudumia Babra, akasema wamewahi. Mdomo utapona, huenda kovu dogo likabaki. Kisha akauliza, "Nani alimchoma?"

Abalo ndiye aliyejibu, bila hasira, kwa masikitiko ya kweli.

"Mtu tu wa huko mjini, daktari. Mwenye mkono mwepesi ni huyu hapa, na alikataa."

Daktari akamgeukia Santina, akingoja. Santina alikuwa na la kujibu, ila alikwisha kumwambia Babra jana. Akatafuta benchi, akaketi.