Maua ya Buluu ya Kilima cha Penhallow

Lucius Penhallow aliwapiga ndege risasi, akawanyoosha mabawa kwa waya, kisha akawachora kana kwamba wako hai. Kwa kazi hiyo jimbo letu likaipa jina lake hifadhi nzima juu ya Mto Ohio. Sisi Weusi, ambao wazee wetu wamezikwa humo, hatuna hata kibao.

Shangazi Ozella alikuwa anapoteza macho. Daktari alimwambia kabla baridi haijaingia atakuwa haoni kitu. Akaniita. "Roscoe, nipeleke nikamwone mama yangu."

Mama yake alizikwa kilimani pale kabla serikali haijatufukuza ili watu wapate pa kutazamia ndege. Mawe ya kaburi wazee wetu wangeyatoa wapi? Walipanda maua ya buluu yanayotambaa, yale yasiyokauka majani hata chini ya theluji. Palipo na buluu, pana mtu wetu.

Tukapanda, amenishika mkono, akinicheka ninavyohema.

"Mikutanoni unanguruma, kilima kidogo tu hoi! Mwanaharakati gani wewe?"

Juu hapakuwa na buluu. Udongo mtupu. Binti mfanyakazi wa hifadhi, Kelsey kwa jina lililokuwa kifuani, akatujia na tabasamu.

"Panapendeza, eti? Juzi tumekuja na watu wa kujitolea, tukang'oa yale magugu ya buluu yote. Si ya hapa, yaliletwa kutoka ng'ambo."

"Hata sisi tuliletwa," nikasema. "Mliuliza nani aliyapanda?"

"Nani apande maua porini, bwana?"

"Mimi," akasema Shangazi. "Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu yuko chini yake."

Tabasamu likamtoka. "Bibi, samahani... hatukuambiwa."

"Mmeambiwa!" nikafoka. "Ofisi yenu nimeiambia wewe hujazaliwa, nikaiambia tena alipokuja mkuu mwingine. Walinipa kahawa."

Shangazi alikuwa amepiga magoti, anapapasa. Ardhi ilikuwa imebonyea hapa na pale, kila bonyeo urefu wa mtu. Akagusa moja, akatambaa hadi jingine, fupi.

"Huyu... hapana. Huyu ni mtoto."

Akaendelea hadi mwisho wa uwazi, akarudi. Kisha akamwinulia Kelsey uso. "Mliyatupa wapi, binti? Hata kitawi kimoja, nikipande tena?"

"Tuliyachoma, bibi."

Nikamwambia Shangazi tukae kidogo, labda atakumbuka mahali.

"Twende garini, Roscoe. Nimeshaona."

Ule udongo hakuufuta mikononi mpaka nyumbani.