Mwalimu wa Sabuni

Tone moja, kimya, tone jingine. Magwanda ya askari yalikuwa yakidondosha maji ndani ya beseni gizani, na Pascaline, aliyelala chini yake, aliyasikiliza kama mtu anayewasikiliza majirani wakimsema. Mvua ya jana iliwalazimisha kuyaanika ndani, humo humo stoo alimolala yeye na mwanawe Prince. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alijikunja kwapani mwa mama yake, pumzi yake ya moto ikimgusa shingoni, na kwa jinsi Pascaline alivyoona dunia alfajiri ile ya Jumanne, huo ndio ulikuwa utajiri wote uliobaki.

Kazi yake ilikuwa kufua. Jumatatu hadi Ijumaa, katika nyumba za askari za Makenke, Mbarara, nchini Uganda, alimfanyia kazi mama mmoja aitwaye Enid, mke wa sajini Mugisha. Enid alikusanya magwanda ya askari wasiokaa na wake zao. Pascaline akayafua, akayatia wanga, akayapiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata ndizi. Siku ya pili yake yalirudi na matope yale yale. Ukifua leo, kesho ni kama hukufua. Naye hakuwahi kuota maisha hayo. Kwao Walungu, Kivu ya Kusini, alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu awe mwalimu, vita ikaja ikamkuta na chaki mkononi.

Kilichomweka hai kilikuwa Jumamosi. Kila Ijumaa jioni alirudi Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, na kesho yake asubuhi, chini ya turubai aliloliomba kanisani, aliwakusanya watoto saba waliotoka Kongo kama yeye. Shule ya hapa ilikuwa ya Kiingereza, na mtoto aliyesoma Kifaransa mpaka darasa la tano alirudishwa kukaa na vitoto vya darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati. Kiingereza chenyewe Pascaline alikuwa bado anakitafuta, katika darasa la jioni la watu wazima kwenye parokia iliyo karibu na Makenke, Jumanne na Alhamisi. Alichokipata Alhamisi alikigawa Jumamosi. Aliwatangulia wanafunzi wake kwa siku mbili tu, na siku hizo mbili zilitosha aitwe mwalimu. Hesabu hakuhitaji kujifunza. Hesabu alikuja nayo kichwani kutoka kwao, mzigo pekee ambao hakuna aliyemnyang'anya njiani.

Na hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Mwanzo wa muhula ule wa 2012, shule iliwapa wale saba mtihani wa kuwapanga madarasa. Kiingereza walijikongoja, wakapita. Karatasi ya hesabu ilikuwa ya kugawanya tupu, maswali kumi, nayo ilirudisha sifuri saba. Watoto wote, katika maswali yote, waliandika neno moja tu la Kifaransa, impossible, lenye maana ya "haiwezekani". Mwingereza naye ana neno hilo hilo, kwa hiyo walimu walilielewa vizuri sana. Wakaona ni jeuri. Karatasi zikafungiwa kabatini, na Pascaline hakuziona kwa macho yake. Alipowauliza watoto, Nabintu, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu kabla chaki haijatua, alisema tu, "Mwalimu, zilikuwa haziwezekani."

Jumamosi iliyopita baba yake Nabintu, Nestor, alimjia Pascaline palepale turubaini, mbele ya watu.

"Mwalimu ya sabuni!" alipaza sauti. "Batoto saba, zero saba! Hata mbuzi ingeotea moja!"

Watu walicheka.

"Huyu wangu iko na miaka kumi na tatu," Nestor aliendelea, na sasa hakuwa anapiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nimukalishe na batoto ya kuota meno? Hapana, Mama Prince. Jumamosi ingine minamupeleka Kaberebere. Kuko mama mumoja wa duka, anatafuta mutoto wa kazi. Atakula, atavaa. Weye ulituchezea roho."

Nabintu alisimama nyuma yake, akivitazama vidole vya miguu yake.

Ndiyo maana Pascaline hakuwa na usingizi. Akitazama mbele aliona beseni. Akitazama nyuma aliona msichana akifagia duka la watu Kaberebere kwa sababu yake.

Jumanne hiyo alifua kama anayepigana. Enid alikuja akasimama, mikono kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichopoteza muda na sarufi.

"Mama Prince, hiyo shati umesugua mpaka itatoboka. Mwenyewe alikukosea nini?"

"Nisamehe, mama."

"Na darasa ya jioni? Saa kumi na moja imefika, wewe bado iko na povu."

"Siendi tena. Mtu wa kufua anasoma ya nini?"

"Banange!" Enid alipiga makofi. "Hiyo maneno mimi nimekuambia mwaka mzima, unaninunia. Leo unajisemea bure?"

Alicheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. Alimwachia chai ya maziwa ukingoni mwa karo akaenda zake. Chai ilipoa pale. Pascaline aliitazama mikono yake, ngozi nyeupe iliyokunjamana, kucha zilizolika. Akaamua. Jumamosi atabaki hapa hapa Makenke. Turubai watalirudisha kanisani. Atafua mpaka Prince akue, na Prince akishakua atamwambia mama yako alikuwa anafua, basi, yamekwisha.

Alhamisi mvua ilirudi. Resty, binti wa Enid, mwenye miaka kumi, alilala kifudifudi barazani akifanya kazi ya shule, na Prince alijilaza kando yake akimwekea kidole daftarini kila alipofungua ukurasa. Pascaline alipita na pasi mkononi, mkaa ukiwaka ndani, akatupa jicho tu. Akasimama.

"Resty, mwanangu, hiyo ni hesabu gani?"

"Ya kugawanya, auntie."

Kushoto kulikuwa na 24, imekaa nje peke yake. Kulia, ndani ya kijinyumba kilichochorwa, chini ya paa, kulikuwa na 432.

"Ishirini na nne ugawanye kwa mia nne thelathini na mbili? Mbona haiwez..." Pascaline alisikia ulimi wake mwenyewe ukisema lile neno la watoto, akalikata.

Resty aliangua kicheko. "Auntie, umegeuza! Hii ya nje ndiyo inagawanya. Ya ndani ndiyo inakatwa. Jibu unapandisha juu ya nyumba. Ona, kumi na nane."

Pascaline aliiweka pasi chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kwao Kongo, namba inayogawanywa ndiyo hukaa kushoto, ya kwanza, kama mwenye boma. Unapiga mstari wa kusimama, namba inayoigawa inakaa kulia, na jibu linaandikwa chini yake. Ndivyo alivyofundishwa na watawa, ndivyo alivyofundisha. Watoto wake walipewa karatasi yenye namba zilizokwisha kupangwa, wakaanza kushoto kama alivyowazoesha, wakakuta kidogo kinatakiwa kugawanywa kwa kikubwa, swali la kwanza mpaka la kumi. Basi kwa adabu yao yote waliandika ukweli walioujua. Kichwani walikuwa sawa. Yeye ndiye aliyewaelekeza upande.

Alikaa kwenye kizingiti chenye maji akacheka, akalia, mpaka Prince akaja kumfuta uso kwa kiganja kilichojaa vumbi la penseli.

"Kesho asubuhi nakuomba niende Nakivale, mama," alimwambia Enid. "Nifike kabla shule haijafungwa."

"Kesho? Wewe unajua Jumamosi kuna gwaride. Magwanda ishirini na mbili! Mimi nitapiga pasi kwa meno?"

"Kuna watoto saba, mama. Niliwapoteza mimi."

Enid alimtazama Resty, akaitazama pasi inayopoa. "Mwezi mzima utarudi Jumapili, si Jumatatu. Jumapili asubuhi nikukute kwa karo. Na hiyo ya kesho nitaita jirani Yudita anisaidie. Kwenda, kabla sijabadilisha kichwa."

Kurudi Jumapili asubuhi maana yake ni kukosa misa na kwaya, mwezi mzima. Pascaline alisema asante, na haikumuuma.

Ijumaa mchana, shuleni Nakivale, alimkuta Mwalimu Kamugisha, msaidizi wa mwalimu mkuu, akifunga madirisha. Alikuwa mtu mzima mwenye koti lililopauka viwiko, na sauti ya mtu aliyeombwa mambo mengi tangu asubuhi.

"Mama, listi iko tayari. Watoto wenu walitutukana."

"Hawakutukana, mwalimu. Naomba chaki."

"Chaki ya nini?"

"Naomba tu."

Alimpa kipande kisichozidi ncha ya kidole. Miaka sita Pascaline hakuwa amesimama mbele ya ubao wa kweli. Turubaini walikuwa wakiandika kwenye mlango mbovu. Mstari wa kwanza ulipinda. Aliandika 432 kwa 24 kama wanavyoandika kwao Walungu, kando yake akaandika kama alivyoonyeshwa na Resty. Majibu yakawa kumi na nane na kumi na nane.

"Sisi tunaanzia huku," alisema. "Nyinyi mnaanzia huku. Mimi sikujua, ndiyo nikawapoteza. Mtoto asilipie kosa langu."

Kamugisha alizifuata hesabu zote mbili ubaoni kwa kidole. Kisha akafungua kabati, akazitoa zile karatasi saba, akazisoma upya moja moja, midomo ikichezacheza.

"Kumbe," alisema mwishowe. Akavua miwani. "Jumatatu, saa mbili kamili. Nitawapa maswali mengine. Yule iko, iko. Yule hayuko, listi inafungwa bila yeye. Umesikia, mwalimu?"

Alisikia. Alilisikia hasa lile neno la mwisho.

Lakini Nestor, alipofuatwa nyumbani jioni na habari ya Jumatatu, hakumfungulia hata mlango. "Nimeisha kusemezana na ule mama wa duka," alijibu kutoka ndani. "Neno ya mwanaume ni moja. Miye sitamudanganya kwa sababu ya weye. Jumatatu yako, Jumatatu yako! Na zero ikirudi, nitamuweka wapi?"

Pascaline alisimama mbele ya mlango ule mpaka watoto wa jirani wakaanza kumcheka. Hakuna mtu ambaye angeweza kumwapia Nestor kwamba sifuri haitarudi.

Jumamosi walikuja sita. Aliwakalisha kwenye mkeka, Prince katikati yao, akafanya jambo ambalo hakuna mwalimu wa kwao aliyewahi kulifanya mbele yake.

"Miye nilikosa," aliwaambia. "Nyinyi hamukukosa. Nilibaonyesha njia ya kwetu, na hapa kuko njia ingine. Zote mbili zinafika. Leo tunajifunza ya hapa."

Walimtazama kwa macho makubwa, kisha mmoja akacheka kwa haya, na wote wakaegemea mbele. Walifanya la kwanza pamoja, wakafanya la pili. Walikosea, wakafuta, wakapandisha majibu juu ya paa. Kesho alfajiri angekuwa njiani kurudi kwenye povu, mikono ile ile, magwanda yale yale, na bado moyo wake ulikuwa umekaa mahali pake kama jiwe la figa. Isipokuwa kwamba mkeka ulikuwa na nafasi moja tupu.

Nestor alipita saa nne. Barabara ya magari ya Kaberebere ilikuwa hatua chache kutoka turubaini, na hakukuwa na pengine pa kusubiri. Alisimama akiwapa mgongo. Nyuma yake Nabintu alikuwa na kifurushi kichwani, kitambaa cha kanga kimefungwa mafundo mawili, macho yake yakiwafuata wenzake waliokuwa wakipandisha majibu juu ya paa.

Pascaline hakumwita. Angemwita kwa haki gani? Aligeukia ule mlango mbovu, akaandika 32 nje na 768 ndani, akachora paa.

"Nani anakuya?"

Hakuna aliyenyanyuka, namba zilikuwa kubwa. Akasikia kitu kikitua ardhini nyuma yake. Nabintu alikuwa ameteremsha kifurushi kando ya baba yake. Alikuja bila viatu, akachukua chaki, akaikazia macho ile nyumba ndogo muda wa kuvuta pumzi mbili, kichwa kimeinama upande. Kisha akaandika. Mbili juu. Sitini na nne chini. Akashusha nane. Nne juu. Hakikubaki kitu.

Ngurumo ya gari ilisikika ikipanda mlima, na Nestor akanyoosha mkono kulisimamisha.

"Nabintu! Gari hii!"

Msichana aliipangusa chaki kwenye gauni lake. Alimtazama Pascaline, ambaye hakuthubutu hata kutikisa kichwa, kisha akageuka akamtazama baba yake, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

"Papa, miye siendi Kaberebere."