Ijumaa ya Tatu

Kifuko cha ngozi hakimkingi mtu na kisu wala mjeledi mpaka kisomewe misa za Ijumaa tatu, kikiwa kimefichwa chini ya vitambaa vya altare. Ndivyo wanavyoamini watumwa wa mashamba ya miwa hapa Bahia. Damião aliamini kuliko wengi, kwa kuwa msimamizi wake alikuwa ameapa kumuua. Alikishona mwenyewe, akampa dada yake Eufrásia, mtumwa wa parokia, aliyefua na kushona vitambaa hivyo.

Ijumaa mbili zilipita salama. Jumapili ya Matawi, Mkaguzi aliyetumwa na askofu alisoma tangazo kwamba ajuaye uchawi wowote aseme, la sivyo atatengwa na Kanisa. Jumatano Eufrásia alihesabu siku upya, akaliona kosa lao. Ijumaa ya tatu ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna misa, na Alhamisi jioni padre huivua altare vitambaa vyote kwa mikono yake, libaki jiwe tupu. Mkaguzi naye alishinda kanisani akiandika ushahidi, hatua kumi kutoka kwenye kifuko, hata hakukuwa na nafasi ya kukitoa.

Eufrásia alipomnong'oneza Damião uani, kaka yake alijaribu kucheka. "Dada, miaka yote hii na mapadre, kalenda hujaijua?"

"Na wewe uliyezitaka Ijumaa tatu, ulizitazama?"

Alhamisi, Padre Anselmo aliinua kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono ukasita. Kisha akakikunja kitambaa na kilichokuwa chini yake, akaendelea na zaburi.

Kesho yake alimwita Eufrásia kwenye maungamo. Hakumfokea. Alitaka kujua tu nani alikishona.

"Mimi, Padre."

"Binti, mshono wako naujua. Nimeubusu altareni miaka kumi na mmoja."

Hakumwondolea dhambi. Asiyeondolewa dhambi hapokei komunyo ya Pasaka, na asiyepokea, jina lake hubandikwa mlangoni mwa kanisa. Mkaguzi alikuwa akianza uchunguzi wake na majina hayo. Padre alimpa hadi Jumapili amtaje mshonaji.

Jumamosi asubuhi Eufrásia alikwenda kwa Mkaguzi kwa miguu yake, akasema kifuko ni chake. Padre alikuwa amekwisha kukikabidhi; kilikuwa mezani, kando ya kitambaa cha altare. Mkaguzi aliitazama mishono ya vyote viwili, kisha akamsogezea sindano, uzi na kipande cha ngozi.

Eufrásia ndiye aliyemfundisha Damião kushona, na makosa yake aliyajua yote: uzi aliukaza mno, na kila mshono wa tatu ulipinda kushoto. Sasa naye akakaza uzi, akaupinda.

Mkaguzi alilinganisha ngozi na ngozi. "Mbona hiki cha altare umekishona vizuri?"

"Hicho nilimshonea Mungu."

Mkaguzi alichovya kalamu, akaandika jina moja.

Mwezi wa sita Eufrásia alipakiwa kwenye meli ya Lisbon, akahukumiwe huko. Kifuko kilisafiri naye kama ushahidi, katika sanduku lililotiwa lakiri, kikiwa na misa mbili tu. Damião alibaki akikata miwa, chini ya msimamizi yuleyule.