Sauti ya Phiona

Kevina alikuwa ameizoea ile seva ya muziki kama mwanamke anavyomzoea mke mwenza. Lilikuwa sanduku jeusi la alumini, zito kama jiwe la kusagia, lisilo na feni wala mlio wowote. Mumewe Anguzu aliliagiza ng'ambo alipostaafu kazi ya mitambo ya mawasiliano kule Juba. Alirudi Arua, akalijengea chumba nyuma ya nyumba, akafunga betri za sola ili umeme wa mjini ukikatika muziki usikatike, kisha akaanza kunakili sidii zake moja baada ya nyingine, bila kupunguza hata chembe ya sauti. Ukitaka wimbo unaugusa kwenye tableti; spika mbili ndefu zinafanya yaliyobaki.

Siku za mwanzo alikuwa akimwita. "Mama Annet, njoo usikie kidole kinavyokwaruza uzi wa gitaa." Kevina alisimama mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo, na kweli akakisikia kile kidole. Kilimsisimua, ingawa hakukiri.

Baadaye Anguzu akaanza kulalamika kwamba mashine imefifia. Alibadilisha nyaya. Akasogeza spika, akatoa pazia, akarudisha pazia. Aliwaandikia waliomuuzia, wakamjibu kwamba vipimo vyote viko sawa. Kevina aliona na mengine: simu inalia mfukoni mwake naye anaendelea kula, watoto wanaita langoni, haitiki. Akasema moyoni ni uzee, au ni ule ukaidi wake wa siku zote.

"Nitarekodi mwenyewe," Anguzu akaamua. "Nisikie kitu kikiimbwa mbele yangu, halafu nikisikilize hapa. Hapo nitajua kasoro iko wapi."

Wakaenda Ludara, kwao Kevina, upande wa Koboko. Kwaya ya kanisa iliongozwa na Phiona, binti wa kaka yake Kevina, na sauti yake ndiyo iliyowafanya watu wa Abuku jirani watembee kuja kusali huko. Walipokelewa vizuri. Anguzu alitundika maikrofoni zake, akavaa visikilizi, wapiga adungu, vile vinubi vya kwao, wakakaza nyuzi, wakaanza.

Baada ya wimbo Anguzu akainua mkono. "Wanawake, pandisheni kidogo."

Wakarudia. Akatikisa kichwa. Wakarudia tena, na safari hii Phiona aliinua sauti mpaka Kevina, aliyekaa benchi la mwisho, akahisi nywele zimemsimama. Anguzu akavua visikilizi.

"Phiona, unaficha sauti."

"Mzee, mimi naimba."

"Huimbi. Unachezesha mdomo tu. Kama hutaki, sema, watafute mutu mwingine."

Wanakwaya waliangalia chini. Phiona akageuka taratibu, akamtafuta Kevina kwa macho.

"Shangazi, wewe iko hapa. Umenisikia?"

Wote wakamgeukia. Walikuwa ndugu zake, wakwe wa Anguzu. Kevina aliona kwamba akisema ndiyo, atakuwa amemvua mumewe nguo mbele yao.

"Mmechoka," alisema. "Tupumzike kwanza."

Phiona alimtazama kidogo zaidi. Kisha akachukua kitenge chake kwenye benchi, akajifunga, akatoka.

Njiani kurudi Arua, Anguzu alikuwa bado akinung'unika kuhusu vijana wa siku hizi. Kevina alivumilia, akashindwa.

"Baba Annet, Phiona aliimba."

"Nini?"

Ilibidi apaze sauti, na jambo lile likatoka kwa ukali ambao hakuukusudia. "Nasema aliimba. Mara zote tatu. Wote tulimsikia isipokuwa wewe."

Anguzu akaegesha gari kando ya barabara, akaweka mikono juu ya usukani, na malori ya kwenda Sudan Kusini yakawapita moja moja.

Nyumbani hakula. Aliingiza ile rekodi kwenye seva, akafungua mchoro wa sauti kwenye tableti. Kevina alimkuta amekaa mbele ya mchoro huo. Chini kabisa palikuwa na ngoma, juu yake wanaume, na juu zaidi mistari myembamba inayong'aa, imepangana kama majani ya mtama.

"Sauti yake iko hapa," alisema, akiigusa kwa kidole. "Yote iko hapa. Naiona."

Daktari wa masikio alimpima, kisha akamuuliza kazi aliyokuwa akifanya. Alipoambiwa juu ya Juba, akatikisa kichwa. "Ni zile jenereta, mzee. Ukikaa karibu nazo miaka mingi, zinakula sauti za juu kwanza." Kifaa cha sikioni kingemsaidia kuwasikia watu wakiongea. Muziki, asijidanganye. Anguzu alicheka kidogo, kicheko kikavu. Ni mshahara wa kazi ile uliomnunulia seva.

Neno la kwanza alilosema walipofika nyumbani lilikuwa, "Twende Ludara."

Walimkuta Phiona uani akibangua karanga. Anguzu alivua kofia na kukaa kwenye mkeka, chini, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu. Masikio yangu ndiyo mabovu."

"Nimesamehe, Mzee."

Ilibidi Phiona arudie kwa sauti. Anguzu akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Basi urudi kwenye kwaya. Wameniambia umetoka."

Phiona aliendelea kubangua. Akajibu polepole, akihakikisha Anguzu anaiona midomo yake. "Wewe ulikuwa husikii, Mzee. Hiyo ni ugonjwa, haina shida. Lakini mimi niliuliza shangazi. Yeye alisikia."

Maneno yote ambayo Kevina aliyapanga njiani yalikuwa ya kumtetea mumewe; ya kwake mwenyewe hakuwa nayo.

"Nilisikia," alisema mwishowe.

"Najua."

Hapakuwa na ugomvi. Phiona aliwapa chai, akawafungia karanga za kubeba kama anavyofungiwa mgeni yeyote, akawasindikiza hadi kwenye gari. Aliagana na Kevina kwa mkono. Zamani alikuwa akimkumbatia.

Jumapili kadhaa zilipita, na kwaya ya Ludara ikapata kiongozi mwingine. Anguzu aliacha kuingia kwenye chumba chake. Alijishughulisha na migomba. Kevina ndiye aliyeanza kuingia. Alijifunza tableti kwa kubahatisha, akaupata wimbo ule wa Ludara, ule walioimba mara ya tatu, akaugusa.

Sauti ya Phiona ilijaa chumba. Ilikuwa karibu mno, kana kwamba amesimama kati ya zile spika.

Aliposhtuka, Anguzu alikuwa mlangoni, miguu ina udongo. Alikuwa ameangalia kioo cha tableti na kusoma jina.

"Phiona amefika kule juu?" aliuliza.

"Amefika."

Akakaa sakafuni karibu naye. Akawa akimtazama mkewe usoni, kana kwamba wimbo unasomeka hapo. Kevina alitamani ageuze uso, asionekane, lakini hakuugeuza. Alimwacha atazame hadi wimbo ulipoisha.